Sura ya 6: Pointi za Mezani

Tarehe 21 Februari 2003 Kenya ilipangiwa kucheza na New Zealand jijini Nairobi, mechi ya Kombe la Dunia la kriketi. Mechi hiyo haikuchezwa. New Zealand ilibaki Afrika Kusini, mwenyeji mkuu wa mashindano, ikasema haiko tayari kuhatarisha roho za wachezaji wake.

Hofu yao haikuwa ya kubuni. Miezi mitatu tu nyuma, Novemba 28, 2002, hoteli ya Paradise kule Kikambala ililipuliwa, na asubuhi hiyohiyo makombora yakarushiwa ndege ya abiria ya Israel ilipokuwa inapaa kutoka Mombasa. Mei ya mwaka huohuo bomu lilikuwa limelipuka Karachi, nje ya hoteli walimofikia wachezaji wa New Zealand, na ziara yao ikavunjika siku ileile. Watu walioliona bomu kwa macho yao huwezi kuwacheka wakiogopa.

Lakini Baraza la Kimataifa la Kriketi, ICC, lilikuwa limekwishatazama hali ya Nairobi na kuamua kwamba mechi haihami. Anayetaka aje, asiyetaka abaki. New Zealand ikabaki, na Kenya ikapewa pointi 4 za mezani, kama tunavyosema kwenye soka letu. Siku tatu baadaye Sri Lanka, waliokuwa mabingwa wa dunia mwaka 1996, walishuka uwanja wa Gymkhana hapohapo Nairobi. Kenya ilipata mikimbio 210 kwa wiketi 9, yaani wapigaji tisa wakiwa wametolewa, na Sri Lanka wakatolewa wote kwa 157. Collins Obuya, kijana aliyerusha mpira wa kuzungusha kwa kifundo cha mkono, aliwatoa watano na kuruhusu mikimbio 24 tu.

Sasa tupige hesabu, kwa sababu ndiyo inayozaa mgogoro. Katika kundi lake Kenya ilimaliza na pointi 16: ilizifunga Canada, Bangladesh na Sri Lanka, na nne za New Zealand ikazikuta mezani. West Indies na wenyeji Afrika Kusini walimaliza na pointi 14 kila mmoja, wakafunga virago. Timu tatu ndizo zilizovuka. Kenya ingecheza na New Zealand na kupoteza, ingebaki na 12 na ingerudi nyumbani. Badala yake ilivuka, ikaifunga Zimbabwe, ikafika nusu fainali na kucheza na India mjini Durban tarehe 20 Machi. India ilishinda kwa mikimbio 91. Hakuna timu nyingine isiyo na hadhi ya kucheza Testi, zile mechi za siku tano, iliyowahi kufika hapo.

Wapo waliosema Kenya ilibebwa. Hoja yao naielewa, lakini siikubali. Kanuni ilijulikana kabla ya mpira wa kwanza kurushwa, ikatumika vilevile kwa England waliokataa kwenda Harare wiki moja kabla. Zimbabwe ilipewa pointi zake, ikavuka na 14. England ilibaki na 12, nje. Tena kanuni hiyo haikuwa mpya. Mwaka 1996, baada ya bomu lililopiga Benki Kuu mjini Colombo mwishoni mwa Januari, Australia na West Indies walikataa kukanyaga Sri Lanka. Wote wawili wakapoteza pointi. Zimbabwe na Kenya walikwenda. Kenya ilichezea Kandy na kupigwa mikimbio 398, kipigo ambacho wazee wa kriketi Nairobi bado wanakikumbuka. Sri Lanka waliendelea mpaka wakatwaa kombe, na katika fainali waliyemfunga ni Australia yuleyule.

Angalia walioadhibiwa: Australia, West Indies, England, New Zealand. Hawa si wanyonge. ICC ilizaliwa Lord's mjini London mwaka 1909 ikiitwa kwa jina la himaya, na waasisi wake walikuwa England, Australia na Afrika Kusini. Hadi mwaka 1993 England na Australia zilikuwa na kura ya turufu. Bado walipokataa kusafiri, walilipa. Kwa kipindi hicho kifupi, mchezo huu ambao wengi wetu tunaudhani ni wa Wahindi wa Upanga na Parklands ulikuwa na kanuni moja iliyoeleweka hata kwa mtoto: usipotokea, pointi ni za aliyetokea.

Kanuni hiyo ilikutana na mtihani wake mkubwa tarehe 20 Agosti 2006, uwanja wa Oval, London, siku ya nne ya Testi ya nne kati ya England na Pakistan.

Ili kuelewa kilichotokea, lazima ujue kidogo habari za mpira wenyewe. Mpira wa kriketi ni wa ngozi, mgumu, na una mshono katikati. Wachezaji huusugua upande mmoja kwenye suruali ubaki unang'aa, na upande wa pili wanauacha uchakae. Ukirushwa kwa kasi, tofauti hiyo huufanya upinde hewani. Kusugua ni halali. Kukwaruza kwa kucha au kwa kifuniko cha chupa ni haramu, na sheria inamruhusu mwamuzi kuamua kwa kuutazama mpira tu, bila kumwona mkwaruzaji.

Alasiri ile mpira ulikuwa umeanza kupinda. Umar Gul wa Pakistan alimtoa Alastair Cook wa England akiwa na mikimbio 83. Muda mfupi baadaye, katika ova ya 56 (ova ni mipira sita), mwamuzi Darrell Hair wa Australia aliuchukua mpira, akauzungusha kiganjani, akamwonyesha mwenzake Billy Doctrove wa Dominica. Wakakubaliana kwamba umeharibiwa. Wapigaji wa England wakaambiwa wachague mpira mwingine kwenye sanduku. Kisha Hair akagonga bega lake kwa mkono wa upande wa pili, ishara kwamba England wameongezewa mikimbio 5 ya adhabu. Mikimbio 5 katika mechi ya siku tano si kitu. Lakini kila aliyekuwa uwanjani alijua maana yake: timu nzima imeitwa walaghai mbele ya umati, bila mtu mmoja kutajwa.

Pakistan walicheza mpaka mapumziko ya chai. Baada ya chai hawakutoka. Waamuzi waliingia uwanjani, wakasubiri, wakarudi ndani. Wakatoka tena pamoja na wapigaji wa England, na Pakistan bado walikuwa chumbani. Hair akaviondoa vile vijiti vidogo vinavyolala juu ya wiketi, na kwa tendo hilo mechi ikawa imekwisha. Pakistan walipotoka baadaye, tayari kucheza, waamuzi ndio walikuwa hawapo. Mazungumzo yaliendelea mpaka usiku, viongozi wa pande zote mbili wakitaka mchezo uendelee kesho yake, na Hair akashikilia kwamba sheria haimpi njia ya kurudi nyuma. England wakatangazwa washindi. Katika miaka 129 ya Testi, hiyo ilikuwa mara ya kwanza mechi kuamuliwa kwa upande mmoja kususa. Na hao waliopoteza ndio waliokuwa na mechi mkononi: England walikuwa na 298 kwa wiketi 4 katika zamu yao ya pili, bado nyuma kwa mikimbio 33.

Mwishoni mwa Septemba kamisaa mkuu wa mechi, Ranjan Madugalle wa Sri Lanka, alisikiliza kesi ya nahodha wa Pakistan, Inzamam-ul-Haq. Uamuzi wake ulikuwa na vipande viwili. Cha kwanza: alama zilizokuwa kwenye mpira hazikutosha kuthibitisha kwamba umeharibiwa kwa makusudi, Inzamam hana hatia. Hakuna kamera ya televisheni iliyokuwa imenasa mkono wa mtu. Cha pili: kukataa kuingia uwanjani ni kuudhalilisha mchezo, Inzamam amefungiwa mechi nne za siku moja. Mimi naona Madugalle alihukumu sawasawa. Ukionewa uwanjani unacheza, halafu unakata rufaa. Na mwamuzi anayeishtaki timu nzima kwa kosa la aibu awe na kitu cha kuonyesha.

Kama mambo yangeishia hapo, hiki kingekuwa kisa cha waamuzi wawili na nahodha mmoja. Hayakuishia hapo, kwa sababu faili lilipanda ghorofani.

Siku mbili baada ya mechi, Hair aliiandikia ICC barua pepe akisema yuko tayari kujiuzulu akilipwa dola 500,000 kwa mkupuo. ICC ikaitoa barua hiyo hadharani. Novemba bodi ikaamua Hair asichezeshe tena mechi za mataifa makubwa. Hair akaishtaki ICC mjini London kwa ubaguzi wa rangi, akidai kwamba Doctrove, mtu mweusi waliyeamua naye kila kitu pamoja, hakuguswa. Kesi akaiondoa Oktoba 2007, mwaka uliofuata akarudishwa kazini, na baada ya miezi michache akaacha. Nani alishinda hapo? Hakuna aliyeshinda, na hakuna aliyeambiwa kwa maandishi kosa la mwamuzi lilikuwa nini hasa.

Kisha likaja la kustaajabisha zaidi. Julai 2008, kwa ombi la Pakistan, bodi ya ICC ilikaa Dubai na kubadilisha matokeo: mechi ya Oval si ushindi wa England tena, ni sare. Kumbuka sheria za kriketi zinasema wazi kwamba matokeo yakishakubaliwa hayabadilishwi. Michael Holding, mrushaji mashuhuri wa Jamaica wa miaka ya 1970 na 1980, alijiuzulu kwenye kamati ya kriketi ya ICC kwa kupinga uamuzi huo. Klabu ya MCC, mtunzaji wa sheria za mchezo tangu karne ya 18, ikasema ICC haina mamlaka ya kufanya hivyo. Februari 2009 bodi ikakaa tena, ikageuza: England walishinda. Wachezaji wa pande zote walikuwa wamekwisha kuhamia mechi nyingine, wengine wamestaafu, na ile mechi moja bado ilikuwa inahama safu kwenye vitabu vya kumbukumbu.

Hao wanaokaa kwenye bodi ni akina nani? Wengi wao ni wenyeviti wa vyama vya kriketi vya nchi zilezile zinazogombana. Mwenyekiti wa Pakistan anaingia mkutanoni na shida yake, wa England na yake, na wengine wanapima: huyu nitamhitaji mwakani kwa ziara, yule ana televisheni inayolipa vizuri. Siwalaumu kama watu. Wamechaguliwa kutetea vyama vyao, na wanavitetea. Lakini huwezi kumpa mtu kazi ya kutetea upande asubuhi, halafu jioni umvalishe joho la hakimu.

Udhaifu huu ulikuwa umeonekana mapema. Novemba 2001, mjini Port Elizabeth, kamisaa Mike Denness aliwaadhibu wachezaji sita wa India katika Testi moja, akiwemo Sachin Tendulkar, aliyehusishwa na kuchezea mshono wa mpira. India ikataka Denness aondolewe Testi iliyofuata. ICC ikakataa. Afrika Kusini, iliyokuwa na mapato ya ziara ya kupoteza, ikakubaliana na India, ikamweka kamisaa mwingine, na mechi ikachezwa Centurion. ICC ikaifuta kwenye orodha ya Testi. Kwenye karatasi ICC ilishinda. Ila somo lililobaki vichwani mwa viongozi wa vyama lilikuwa jingine: mwenyeji alipolazimika kuchagua kati ya kanuni na mgeni mwenye pesa, hakufikiri mara mbili.

Pesa hizo ziliendelea kukua. Soko la televisheni la India ndilo linalolipia sehemu kubwa ya kriketi duniani, na hilo si siri wala si kosa la Wahindi. Mwaka 2012 Lord Woolf, aliyewahi kuwa jaji mkuu wa Uingereza, aliandika ripoti kwa ombi la ICC yenyewe, akashauri bodi iingize wakurugenzi huru wasiotoka kwenye vyama. India ikaikataa, na ripoti ikawekwa kabatini. Miaka miwili baadaye, Februari 2014 mjini Singapore, India, England na Australia zilipitisha mpango wa kujipa sehemu kubwa zaidi ya mapato na viti vya juu. Pakistan na Sri Lanka hazikuunga mkono siku ile.

Halafu Pakistan ikaunga. Aprili 2014 chama cha India kilikuwa kimeiandikia Pakistan barua iliyotaja misururu sita ya mechi kati yao katika miaka minane. Hakuna hata mmoja uliochezwa. Serikali ya India haikutoa ruhusa. Pakistan ikafungua madai ya zaidi ya dola milioni 60 mbele ya jopo la migogoro la ICC, la watu watatu wasiotoka kwenye vyama, chini ya wakili Michael Beloff. Walisikiliza mashahidi Dubai mwezi Oktoba 2018, na Novemba wakatoa hukumu: barua ile ilieleza nia, haikuwa mkataba. Madai yakatupwa, na mwezi uliofuata Pakistan ikaamriwa kulipa asilimia 60 ya gharama za India.

Hapa nitasema jambo ambalo rafiki zangu wapenzi wa Pakistan hawalipendi. Ile ndiyo ilikuwa haki bora kuliko zote katika sura hii. Pakistan ilishindwa, lakini ilishindwa mbele ya watu wasio na mechi ya kuuza, ikapewa sababu ukurasa kwa ukurasa, na hukumu ikachapishwa ili kila mtu aisome. Linganisha na bodi iliyobadilisha matokeo ya Oval mara mbili. Ubaya ni kwamba jopo la namna ile huitwa kwa madai ya pesa na mikataba. Maswali mazito zaidi, kama nani asafiri wapi na nani apoteze pointi, bado yanaamuliwa na bodi.

Ndipo tunafika mwaka 2025. Pakistan ilikuwa mwenyeji wa Kombe la Mabingwa, mashindano yake makubwa ya kwanza ya ICC tangu mwaka 1996. India ikasema haitakwenda. Serikali yake hairuhusu. Kama kanuni ya Nairobi ingekuwa hai, India ingepoteza pointi, basi. Badala yake mechi zote za India zilihamishiwa Dubai. Pakistan, mwenyeji, ilipanda ndege kwenda kucheza na India ugenini. Afrika Kusini ilisafiri kutoka Pakistan hadi Dubai kungoja ijulikane nani atacheza na nani kwenye nusu fainali, kisha ikageuza kwenda Lahore bila kurusha hata mpira mmoja. India haikuhama, iliuzoea uwanja mmoja tangu mwanzo, ikafika fainali na kushinda Machi 9. Iliowafunga ni New Zealand, walewale waliopoteza pointi kwa kutokwenda Nairobi.

Haki ya India pia isemwe. Timu ya Sri Lanka ilishambuliwa kwa risasi ndani ya basi lake mjini Lahore mwaka 2009, na hakuna chama cha michezo kinachoweza kuvuka amri ya serikali yake kuhusu nchi jirani yenye uhasama. Isitoshe Desemba 2024 ICC ilitangaza kwamba mpaka mwaka 2027 Pakistan nayo haitalazimika kwenda India. Mechi zao zitachezwa uwanja wa tatu. Kwa nchi hizo mbili huo ni mizani. Kwa wengine wote si mizani. England ya 2003 nayo ilikuwa na serikali isiyotaka timu yake ipeane mikono na Rais Mugabe wa Zimbabwe, na hakuna aliyewahamishia mechi. Kilichobadilika ni kwamba mwaka 2003 mashindano yangeweza kuendelea bila England, lakini mwaka 2025 hakuna televisheni ambayo ingelipa bei ileile bila India. Mwezi huohuo wa Desemba 2024, Jay Shah, aliyekuwa katibu wa chama cha India na ni mtoto wa waziri wa mambo ya ndani wa nchi hiyo, alianza kazi ya uenyekiti wa ICC.

Na Kenya? Ilipoteza hadhi ya kucheza mechi rasmi za siku moja mwaka 2014. Makosa mengi yalikuwa ya nyumbani: ugomvi wa viongozi, malipo ya wachezaji, mchezaji Maurice Odumbe kufungiwa miaka mitano mwaka 2004 kwa kupokea pesa za wacheza kamari. Uganda ndiyo sasa inayobeba bendera ya kanda. Mwaka 2024 ilicheza Kombe la Dunia la ova 20 na kuifunga Papua New Guinea kule Guyana. Katika mgawo uliopitishwa mwaka 2023, kwa takwimu zilizoripotiwa, India peke yake inachukua asilimia 38.5 ya mapato ya ICC, na wanachama washiriki zaidi ya 90, Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda wakiwemo, wanagawana kama asilimia 11. Kwenye bodi wana wajumbe watatu kwa niaba ya wote.

Viongozi wetu wakienda kwenye mkutano mkuu wa ICC huomba pesa zaidi, na wana haki ya kuomba. Ningewasihi waombe pia kitu kisichogharimu sana: kila uamuzi wa timu iliyokataa kusafiri, na kila matokeo yanayobishaniwa, upelekwe mbele ya watu watatu wasiotoka chama chochote, na hukumu ichapishwe. Kwa hili Pakistan wangeunga mkono. New Zealand nao wangeunga.